Jina Ubavuni mwa Kayaki

Supreme ilianza mwaka 1994 ikiwa duka la vijana wa skeitibodi mjini New York. Baadaye ilishirikiana na Advanced Elements, watengenezaji wa kayaki za kujaza upepo, ikatoka kayaki nyekundu iliyoandikwa jina la Supreme. Supreme hiyohiyo mwaka 2016 iliuza tofali kwa dola 30, na likapata wanunuzi.

Huku kwetu jina hilo si geni. Pita kwenye mitumba ya Gakoromone, Meru, au sokoni Embu, utaliona kwenye fulana na kofia, la kweli na la kughushi, na kijana ataongeza pesa kwa ajili yake. Simlaumu. Likiwa kifuani, naye hujiona yumo katika dunia anayoitazama kwenye simu. Lakini maji hayasomi maandishi. Upepo ukichachamaa katikati ya bwawa, utaokolewa na mshono wa kayaki usiovuja na jaketi ya kuokoa maisha uliyovaa.

Na mabwawa tunayo. Telemka kutoka Embu hadi Mbeere, utaukuta Mto Tana umezuiwa Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, kisha Kiambere 1988. Wengi wetu tunayajua kwa umeme tu. Wapo wanaoyaingia kwa mitumbwi kutafuta tilapia, penye viboko na mamba, nami nimewaona wakiondoka bila jaketi ya kuokoa maisha. Inaniuma.

Ushirikiano ninaoupenda ni wa Lamu, wa ufundi na taka. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza kuunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyotupwa, wakalivisha ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Rangi zake zinapendeza kushinda nembo yoyote, na kila ndara pale inatusuta kwa taka tulizomwaga baharini. Huko ndiko nilikojifunza kupima ushirikiano, uwe wa biashara, wa chama au hata wa ndoa: kila mmoja ameleta nini ambacho mwenzake hana?

Vijana wa Meru na Embu mnaochapisha fulana zenye majina yenu, mna cherehani na wateja. Wavuvi wa Kamburu na Masinga wanayajua maji. Nawasihi mkutane. Shoneni jaketi za kuokoa maisha zinazoelea kweli, zipelekeni kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa zipimwe, kisha ziandikeni majina yenu kwa herufi kubwa mpendavyo.