Mtani wa Kariakoo

Mwaka jana nilishuka Dar es Salaam na chupa ya asali ya Tabora, zawadi ya dada yangu mgonjwa. Nikapita soko la Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioteka mji mwaka 1916.

Nikamwamkia mzee muuza nazi, "Shikamoo."

"Marahaba. Mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi."

Mara akainyakua chupa! "Mtumwa wangu umeleta ushuru!"

Nusura nipige kelele za mwizi, na mjini kelele hizo huua mtu. Mama mmoja akacheka: "Baba, huyo Mzaramo, mtani wako!"

Niliona haya. Utani huo ni wa tangu babu zetu walipopita Uzaramo na misafara ya pembe. Nikachukua nazi mbili bila kuuliza. Mzee akafurahi, akalamba asali kidogo, akanirudishia chupa. "Ukifia huku," akasema, "mimi nitakuzika."

Wazazi, wafundisheni watoto watani wao. Lakini achukuaye akubali naye kuchukuliwa. Asiyekubali si mtani, ni mnyang'anyi.