Safari ya Makwasinyi na Nuru Tuliyoila



Wengi wetu tusafiripo kwenda Nairobi hupitiwa na usingizi tukishaiacha Mariakani, na macho hufunguka basi likisimama Voi. Kwa hivyo mlima Kasigau hutupita. Umesimama peke yake upande wa kushoto wa barabara, mbali kidogo, juu ya tambarare ya vichaka iliyo baina ya mbuga mbili za Tsavo, na kilele chake kimefikia mita 1,641 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi hujifunika mawingu kama mwanamke aliyejitanda ukaya. Ukiteremka Maungu, ukaiacha lami na kuifuata njia ya vumbi jekundu, utafika Rukanga, kisha vijiji vingine vilivyouzunguka mlima chini yake. Wakazi wake ni Wakasigau, jamaa ya Wataita. Makwasinyi ni kimoja cha vijiji hivyo.

Tulikwenda huko kwa ajili ya bibi mmoja mkongwe, na kwa ajili ya jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani ijapokuwa wachache kwetu walijuao. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walikuwa wakivuka mpaka kuja kuishambulia reli ya Waingereza. Waingereza wakawashuku Wakasigau kuwa wanawasaidia adui. Mwezi wa Agosti 1915 wakawatoa makwao, wazee kwa watoto, wakawapeleka Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea hewa ya baridi na maji ya chemchemi, wakatupwa kwenye joto na homa ya malaria. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliosalia walihamishiwa upande wa Mwatate, na haikuwa mpaka miaka ya 1930 ndipo wakaruhusiwa kurejea chini ya mlima wao. Bibi huyo aliyahifadhi majina ya watu wa ukoo wake waliozikwa Malindi. Aliyapokea kutoka kwa mama yake, ambaye alikwenda huko akiwa mtoto na akarudi mtu mzima. Hayakuandikwa popote.

Tulibeba kamera. Tunajua wapo watakaoguna kusikia sheikh amebeba kamera, na mjadala wa picha una mahali pake. Sisi tulichokitaka ni sauti ya mzee ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Kijana wetu mmoja, mpwa, ndiye aliyekuwa fundi wa kamera hiyo, na alikuwa na betri mbili na chaja ya kuchomeka ukutani. Ukutani! Nyumba tuliyofikia stima haikuwa imeifika, na hatukuuliza kabla ya kuondoka Mombasa. Mtu wa mjini huuliza habari za maji na za malazi, lakini umeme hudhani uko tu, kama hewa.

Siku ya kwanza tuliimaliza betri zote mbili kwa mambo ya upuzi. Tuliupiga picha mlima kabla ya mawingu na baada ya mawingu. Tuliwapiga nyani. Tuliwapiga akina mama waliokaa chini ya mti wakisuka vikapu vya katani, na hao kwa kweli walistahili, maana mikono yao ilikwenda bila ya macho kuangalia, huku mazungumzo yakiendelea. Ilipofika alasiri kamera ilikuwa jiwe, na bibi hatujamwona.

Wenyeji wetu walikuwa Wakristo, mume na mke na watoto wao, na Allah awalipe kwa wema wao. Mama wa nyumba alitutandikia mkeka mpya wa kuswalia kabla hatujaomba, na mumewe akatuonyesha kaskazini, ambako ndiko kibla kilipo kwao kama kilivyo kwetu. Walikuwa na sola: paneli ya wati 20 juu ya bati, betri ya volti 12 sebuleni, taa tatu na mahali pa kuchajia simu. Mpwa wetu alikuwa na inveta ndogo, ile igeuzayo umeme wa betri ukawa kama wa ukutani. Tukamwuliza baba wa nyumba kama twaweza kuiunga. Akanyamaza kidogo, akasema, "Karibuni, sheikh. Nyinyi ni wageni." Mkewe alikuwa mlangoni amebeba sufuria. Hakusema neno.

Ule unyamavu wa baba na ule wa mama tuliuona kwa macho yetu. Hatukuusoma.

Tuliunga baada ya magharibi. Binti yao wa kidato cha 3, asomaye shule ya kutwa, alikuwa mezani na vitabu vyake. Haikupita muda mrefu baada ya isha inveta ikaanza kulia pii, pii, na nyumba nzima ikazimika. Binti akainuka bila kulalamika, akawasha koroboi na kuendelea kusoma, pua karibu na karatasi, moshi ukimpanda usoni. Sisi tukajisemea kwamba ndivyo sola zilivyo, tukaenda kulala. Usiku wa manane tulisikia madebe yakigongwa. Tulidhani ni ngoma ya harusi, tukageukia upande wa pili.

Walikuwa ndovu. Habari tulipewa asubuhi na jirani, wala si na wenyeji wetu. Mahindi yalikuwa karibu kukomaa, na msimu huo ndovu hutoka vichakani usiku. Watu wa Makwasinyi huyalinda mashamba yao kwa kelele na kwa mwanga mkali wa tochi. Tochi mbili za nyumba ile huchajiwa kila usiku kwa ile betri, baada ya binti kumaliza kusoma na taa kuzimwa. Usiku ule hazikuchajiwa. Baba wa nyumba na mwanawe mkubwa walitoka na mwanga hafifu usiofika mbali, wakasaidiwa na majirani, na ndovu walikuwa wamekwisha kula mistari kadhaa ya mahindi na kuuangusha ua wa miiba. Hakuna mtu aliyeumia, alhamdulillah. Lakini mtu kutoka usiku kuwakabili ndovu bila ya kuona mbele yake ni kuitia roho rehani, na sisi ndio tulioila nuru yake.

Tulikaa na mpwa wetu tukafanya hesabu, jambo ambalo lilipasa kufanywa siku iliyotangulia. Umeme hupimwa kama maji. Taa ya wati 2 ikiwaka kwa saa 4 hunywa kipimo cha wati-saa 8, kwa hivyo taa tatu ni 24. Tochi mbili na simu moja ya vibonyezo huchukua kiasi cha 12 zaidi. Jumla ni 36. Betri yao iliandikwa volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 ikijaa kabisa. Lakini betri ya asidi ikimalizwa kupita nusu huharibika upesi, kwa hivyo cha kutumia kila siku ni kama 40 tu. Nyumba ile ilikuwa imepima maisha yake yakaenea sawasawa katika 40 hizo, na zilizobaki 4 ni za siku ya mawingu. Siku tuliyofika ilikuwa ya mawingu.

Na sisi je? Betri moja ya kamera ile, ya volti 7.2, huchukua wati-saa 13 hivi. Si nyingi. Balaa ilikuwa inveta, ambayo hunywa wati 5 au 6 wakati wote iwapo imewashwa, hata kama haijachomekwa kitu. Hunywa yenyewe karibu sawa na inachompa mwingine, mfano wa mtungi uliopasuka. Baada ya kuizima nyumba nzima, tulichokipata kilikuwa nusu ya betri moja.

Iliyotuchoma zaidi ni hesabu ya pili, ile ya kitabuni, ambayo tumeifundisha miaka mingi. Tuliomba ruhusa na tukapewa. Lakini wanavyuoni wetu wa Kishafii wameeleza kwamba kitu akitoacho mtu kwa kuona haya, nafsi yake ikiwa haikuridhia, hakimhalalikii anayekipokea, bali kinakaribiana na kilichonyang'anywa. Tena Mtume wetu (s.a.w.) alipotaja haki ya mgeni alimtaja pia mwenyeji, akamkataza mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake uzito. Mwenyeji wa Makwasinyi hawezi kumwambia mgeni hapana. Swali letu lilikuwa mtego, ingawa hatukukusudia. Tulipaswa kuuliza: mwatumia kiasi gani usiku, na kwa ajili ya nini? Tena tulipaswa kumwuliza mama, kwa kupitia kwa mumewe. Mama ndiye aliyejua ni nani anasoma, ni nani analala gizani, na tochi huchajiwa saa ngapi. Dada zetu msomao haya mwajua: mwanamume hujua bei ya sola, mwanamke hujua matumizi yake.

Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Tulikwenda tukawaomba radhi wote wawili, na tukatoa fedha kwa ajili ya ua na mahindi. Fedha baba alizikataa. Mama akacheka, akasema, "Ndovu huja hata taa zikiwaka, sheikh." Hatujui kama alisema kweli au alitustahi mara ya pili.

Siku hiyo tulikwenda kwa bibi na ile nusu betri. Alitukaribisha, akatwita wanangu, akaulizia safari, akamtuma mjukuu uji. Mkaza mwanawe aliketi kando yake muda wote. Kisha akaanza kusimulia mbali, tangu mama yake alipobebwa mgongoni kushuka mlimani, na kamera inakula. Hatukuthubutu kumharakisha. Alipoyafikia majina alifumba macho, akayataja kwa mpango, kila jina na mzazi wake. Jina la sita lilipotoka, kamera ikazima.

Tulitoa kalamu. Lakini bibi alipotusikia tukihangaika alifumbua macho, na uzi ukakatika. Alirudi mwanzo, kama mwanafunzi wa chuoni aliyekatizwa katikati ya sura, akakwama palepale. Akasema, "Kalamu yako yachelewa, mwanangu. Mimi nikikatwa hupotea." Alikuwa amechoka. Tukaaga.

Njia nzima ya kurudi Maungu mpwa wetu hakusema kitu. Katika betri hizo mbili kulikuwa na nyani 40.

Tulirudi baada ya miezi mitano, na safari hii tulijibebea. Tulikuwa na paneli ya kukunja ya wati 20 na betri ya akiba, ile ambayo vijana huiita pawabenki, ya mAh 20,000, ambayo ni wati-saa 74. Tulinunua pia chaja ya kamera ya kuchomeka kwa waya wa simu, bila ya inveta, na kwa njia hiyo akiba moja hujaza betri za kamera nne kabla haijaisha. Paneli tuliianika juani tangu asubuhi. Akiba tuliiweka nyuma yake kivulini, kwa sababu betri za aina hii zikichajiwa katika joto kali huharibika, na jua la Kasigau saa sita si la kuchezewa. Kamera haikuunganishwa na paneli moja kwa moja, maana wingu likipita chaji hukatika. Iliyojaa tuliifunga utepe mweupe, iliyokwisha mwekundu. Na nyani hatukuwapiga.

Kufika adhuhuri ya siku ya kwanza simu nne za majirani zilikuwa zimepangwa kando ya paneli yetu zikisubiri zamu, na zile tochi mbili za wenyeji wetu zilikuwa za kwanza. Mama wa nyumba alizileta mwenyewe, akaziweka chini, akaondoka bila kuuliza. Hakuna takrima tuliyopewa Makwasinyi iliyotufurahisha kuliko hiyo.

Bibi aliyataja majina yote. Ni 11, na watatu kati yao ni watoto wachanga. Alipomaliza alikaa kimya muda mrefu, na mpwa wetu akaiacha kamera iendelee kwa kuwa safari hii ilikuwa na cha kula. Kisha bibi akauliza kama ile mashine bado yasikiza. Tukamwambia yasikiza. Akasema, "Huko kwenu Malindi, yupo ajuaye walipozikwa?"

Hatukuwa na jibu. Jamaa zetu wa Malindi, hasa nyinyi akina mama mliokaa na mabibi zenu jikoni mkasikia hadithi za zamani: iwapo mmewahi kusikia habari ya watu wa mlimani walioletwa na serikali wakati wa vita, na mahali walipokaa au makaburi yao yalipo, tuleteeni kwa mkono wa yeyote agawaye jarida hili. Majina 11 tunayo, na bibi yu hai.