Mdharau Mwiba: Kisa cha Mnyama wa Tendaguru

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii yamfaa mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 152 iliyopita, kabla ya kuwako binadamu wa kuitunga. Huyu ni Kentrosaurus, dinosaria mla-mimea ambaye mabaki yake yalipatikana Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, nchini Tanzania.

Miongoni mwa majirani zake, Kentrosaurus alikuwa mdogo. Urefu wake, kutoka puani hadi ncha ya mkia, ulikuwa kama mita 4 na nusu, ilhali Giraffatitan aliinua kichwa hadi kimo cha mita 12 na zaidi, akajichumia majani ya vileleni. Kentrosaurus hakushindana naye. Aliinamisha kichwa chake chembamba, akachuma mimea ya chini kwa mdomo mgumu mithili ya wa ndege. Hivyo kila mmoja alipata riziki bila kumpokonya mwenziwe.

Hata hivyo, alaye ameinama sharti awe na kinga. Shingoni na mgongoni aliota vibamba vya mfupa. Kuelekea kiunoni na mkiani vibamba hivyo vikawa miiba mirefu, iliyopangwa jozi jozi. Mkia wenyewe ulipinda kwa wepesi, na mla-nyama aliyemnyemelea kwa nyuma alijitia hatarini.

Mifupa hiyo ilichimbuliwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuwaachia wenyeji wa kusini njaa na makaburi. Mnamo 1915 Edwin Hennig alimpa mnyama huyo jina lake. Lakini waliochimba, na waliobeba mizigo kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, walikuwa Waafrika. Boheti bin Amrani, msimamizi wao, ni mmoja wa wachache ambao majina yao yamehifadhiwa. Mifupa ikasafirishwa hadi Berlin, na huko ndiko ilikounganishwa na kusimamishwa katika makumbusho.

Jina Kentrosaurus limetokana na Kiyunani, nalo lamaanisha mjusi mwenye ncha kali. Kiswahili nacho kina mwiba, kibamba na mkia. Hakikosi maneno ya kumsimulia mnyama huyu, wala ya kuwasimulia waliombeba. Miiba ilimlinda mdogo asimezwe na wakubwa. Wachukuzi wa Tendaguru hawana ngao nyingine ila simulizi, na hiyo ni amana ya wenye lugha.