Nyumba ya Mtaa wa Sikukuu

Miono, 28 Mei 2025

Ufuta wa bondeni umekauka. Vijana wameanza kuukata na kufunga matita. Nikiwa nahesabu magunia, mdogo wangu wa Tabata akapiga simu. Mwekezaji amepatikana. Nyumba ya baba Kariakoo itavunjwa, ghorofa litapanda, na sisi warithi tutagawiwa fremu za maduka. Msimamizi wa mirathi anasubiri saini zetu. "Dada, umebaki wewe tu." Nikamjibu: acha nivune kwanza.

2 Juni

Tangu simu ile nalala na kuamka na nyumba hiyo. Kuta za miti na udongo zilizopigwa plasta, mabati juu, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani jiko, bafu na choo. Sisi tulikaa viwili vya mbele, vinne vilikuwa vya wapangaji: Mngoni wa bandarini, Mnyamwezi mshona viatu, mama mmoja wa Kilwa na watoto wake, na wengine waliopita. Barazani watu wazima walicheza bao na kunywa kahawa kwa kashata, nasi tukitumwa kwa huyu na yule bila kuuliza huyu ni nani kwetu.

Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mjini kati watu walilia. Baba alicheka, akasema kwa mara ya kwanza umaskini umemfaa.

8 Juni

Iddi imepita. Hapa kwetu watoto wameishia barabarani na nguo zao mpya, wakinunua barafu. Sisi tulikwenda Mnazi Mmoja kwa miguu, senti zimefungwa kwenye pindo la leso, bembea na vumbi mpaka magharibi. Sahani za pilau zilitoka chumba hadi chumba, na Krismasi Mngoni naye akarudisha sahani. Hilo nalikumbuka vizuri mno. Sijui kwa nini kumbukumbu zangu zote zina watu wanaokula.

14 Juni

Nimepeleka gauni kwa fundi cherehani wa pale sokoni. Tumezoeana miaka, kumbe naye ni mtoto wa Kariakoo! Alikulia Mtaa wa Udowe, hatua chache kutoka kwetu. Nilifurahi, nikaanza kumwaga yangu: magari ya chai maharage yaliyotubeba tumetazamana magoti, mabasi ya kumbakumba ya UDA, Simba na Yanga zikigawa nyumba moja vipande viwili, soko jipya alilosanifu Beda Amuli lilipofunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege lililotanda kama miavuli.

Fundi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye mshono:

"Mwalimu, nyumba ilikuwa yenu?"

"Yetu. Ya baba."

"Ndiyo maana." Akakata uzi. "Sisi tulipanga. Mwenye nyumba wetu saa nne usiku alizima swichi kubwa. Mtihani wa darasa la saba nimeusomea chini ya taa ya barabarani. Sukari ya ushirika ilipokuja, balozi aliandika wenye nyumba kwanza, sisi tukafuata, ikibaki."

Mama yake aliuza maandazi. Mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, watu wasio na kazi iliyotambulika walipokuwa wakikusanywa na kurudishwa mashambani, alipakiwa kwenye lori. Asili yake ni huku kwa Wakwere, hivyo akaletwa huku, na mwanawe akamfuata na cherehani.

"Mtaa siukumbuki kwa ubaya," akasema. "Ila baraza unayoisema wewe, mimi nilikuwa naifagia."

15 Juni

Na baba alizima saa nne. Kila usiku. Chumbani kwetu kulikuwa na waya wa pembeni, tukaendelea kusikiliza Radio Tanzania. Na balozi wa nyumba kumi alikuwa yeye.

10 Julai

Leo ni miaka minne tangu soko liungue, mwaka 2021, usiku. Niliamshwa na simu ya watu wa mjini, nikalia kama nimefiwa. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba mwaka jana, watu wakafukiwa na bidhaa zao, sikulia, niliogopa. Lile lilikuwa na ghorofa kadhaa mahali ambapo zamani palitosha nyumba kama yetu. Kila anayetaka kujenga sasa anasema lake litakuwa imara.

Siwezi kusema mji usibadilike. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Haikuwahi kukaa tuli. Hata huku, lami ya Bagamoyo hadi Msata na daraja jipya la Wami vimeleta watu wa Dar wanaotafuta mashamba, na mimi ni mmoja wao. Bei ya ekari imepanda kwa sababu yetu. Vijana wa hapa wanalalamika, na wana haki.

17 Julai

Magunia yamepelekwa ghalani. Leo mdogo wangu amenitumia mkataba wa ubia kwenye simu. Nimeusoma wote kwa miwani. Kuna asilimia, kuna miaka, kuna fremu ngapi za nani. Vyumba vitano vya nyumba ile ni stoo za mabegi na viatu siku hizi. Cha sita, cha nyuma, anakaa yule mama wa Kilwa, ndiye mpangaji wetu wa tangu utoto wangu. Hajawahi kukosa kodi. Alimwosha mama yetu alipofariki. Kwenye karatasi zote zile hakutajwa popote, isipokuwa mstari mmoja unaosema jengo likabidhiwe tupu.

Nimempigia mdogo wangu. Akasema, "Dada, yule ni mpangaji tu, atapewa notisi ya miezi mitatu."

Kikao ni Jumapili, Tabata, maana Mtaa wa Sikukuu hakuna tena pa kukalia. Nitakwenda. Nimeshamwambia sharti langu: yule mama apewe fremu au fedha ya kununua chumba na kiwanja chake, na iandikwe. Isipoandikwa, sisaini, na nyumba ibaki ya udongo.