Nyumba ya Kupanga Haina Mwenyeji

Sisi watu wa vijijini tumezoea safari za kwenda kwa ndugu. Ukienda kwa shangazi, hata ukifika usiku wa manane, utasikia komeo likifunguliwa, kuku akikamatwa bandani, na moto ukipulizwa. Utaambiwa pole ya safari, utawekewa maji ya kuoga, na chakula kitakuja. Kwa hiyo hatuna desturi ya kufikiri juu ya chakula cha usiku wa kufika. Twafikiri juu ya zawadi tu: mchele kidogo, sukari, na kitenge cha shangazi.

Lakini siku hizi yatokea kwamba watu wa nyumba moja huamua kwenda kupumzika mahali ambapo hawana ndugu wala rafiki. Hupanga nyumba kwa siku mbili tatu, hutuma fedha kwa simu, na huelezwa ufunguo utakuwa wapi. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili tulikwenda Lushoto, katika milima ya Usambara. Mara ya kwanza nilifanya vibaya sana. Nakueleza habari hizi ili wewe usianze pale nilipoanza mimi.

Sababu ya safari ilikuwa mama yangu mzazi. Kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, alifundisha shule huko Lushoto zamani, naye katika barua zake alikuwa akisimulia habari za jabali moja liitwalo Irente. Aliandika kwamba ukisimama juu yake waiona nyika imelala chini yako kama bahari. Mama alikuwa hajapata kufika. Naye ana ugonjwa wa presha ya macho, ule ambao kinachopotea hakirudi, bali dawa za matone husaidia kukilinda kilichobaki. Basi akaniambia, "Mwanangu, nipeleke nikaone kabla sijamaliza macho."

Tukaondoka mwezi Juni 2023, mimi, mke wangu, mama, na watoto wawili. Kutoka kwetu, chini ya milima ya Uluguru, njia hupita Chalinze, kisha Segera na Korogwe, mpaka Mombo. Ni zaidi ya kilomita 300. Hapo Mombo huacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ukapanda mlima kilomita zipatazo 33. Nilipiga hesabu kwamba tutafika saa kumi jioni. Msomaji, usipige hesabu ya namna hiyo. Gurudumu lilipasuka kabla hatujafika Korogwe, tukakaa kando ya shamba la mkonge saa tatu nzima. Mombo tulifika jua limekwisha kuchwa, na gari dogo la kupanda Lushoto likangoja mpaka lijae. Tulifungua mlango wa nyumba ile saa nne usiku.

Sasa sikiliza tulikuwa na chakula gani. Mke wangu alitaka kuoka mikate, lakini mimi nilisema safari ni ya heshima, kwa hiyo tupike wali wa nazi na samaki. Akaamka saa tisa usiku, akapika, na saa kumi na moja alfajiri mimi mwenyewe nikaupakia wali ule ukiwa moto katika chombo cha plastiki, nikaufunika vizuri, nikafurahi kwamba hautapoa. Chombo kikawekwa chini ya gari pamoja na mizigo mingine. Kilikaa humo saa kumi na saba.

Nyumba ilikuwa safi, sina la kulalamika. Lakini mkaa haukuwapo, na duka lilikuwa limefungwa. Baridi ya Juni huko juu si mchezo kwa watu wa bondeni. Tukaketi kwa mwanga wa simu kula wali baridi. Mama akasema, "Huu wanuka kidogo." Nikamjibu kwamba nazi ndivyo ilivyo. Alikula kwa kuniheshimu. Mtoto wetu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, alikula kwa njaa.

Kabla ya saa tisa usiku wote wawili walikuwa wanatapika. Asubuhi nilikuwa zahanati, si Irente. Walipewa maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, wakalala siku mbili, na ukungu haukuondoka mlimani. Siku ya tatu fedha za nyumba zilikuwa zimekwisha, tukateremka. Mama hakunilaumu kwa neno hata moja. Alisema tu, "Tutakuja tena." Lakini mimi nilijua kwamba macho yake hayatungoji.

Baadaye nilimwuliza mganga wa zahanati yetu jambo lililotokea. Alinieleza hivi. Katika mchele mbichi kuna mbegu ndogo sana za vijidudu, ambazo hazifi hata maji yakichemka. Wali ukipoa upesi na kuliwa upesi, hazina nguvu. Lakini wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile huamka, vijidudu huzaana, na baadhi yao hutoa sumu. Na sumu ile, hata ukiupasha wali moto upya, haiondoki. Kwa hiyo mimi niliyefurahi kwamba chombo kimefungwa na joto limebaki ndani, nilikuwa nimevitengenezea vijidudu kitanda. Na tui la nazi, kama kila mama ajuavyo, huchacha upesi kuliko kitu kingine chochote jikoni. Mke wangu alilijua hilo tangu mwanzo. Mimi nilisoma chuo cha ualimu, yeye hakusoma, na yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Safari ya pili tulifanya Desemba 2024. Safari hii nilimwachia yeye shauri lote la chakula, nami nikawa mtu wa kubeba.

Kanuni yake ilikuwa moja: kilicho kikavu kipikwe nyumbani, na chenye maji kipikwe huko huko. Siku moja kabla ya safari alioka mikate ya ngano katika sufuria, makaa juu na makaa chini, bila nazi na bila mayai. Alipoitoa hakuifunga. Aliiacha juu ya ungo usiku kucha ipoe kabisa, ndipo akaifunga katika kitambaa safi cha pamba, maana mkate ukifungwa ungali moto hutoa jasho, na penye jasho huota ukungu. Akakaanga dagaa kwa chumvi mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika mkononi, akawatia katika kopo. Nyanya na vitunguu alivichukua vizima, bila kuvikata. Karanga alizikaanga kama kawaida.

Kisha akafanya jambo ambalo sikupata kuliona, ingawa alisema bibi yake alikuwa akilifanya wakati wa kwenda shamba la mbali. Alichukua unga wa ulezi, akaukaanga katika chungu kikavu kwa moto mdogo, akiukoroga bila kuacha, mpaka ukabadilika rangi na harufu ikajaa nyumba. Unga wa namna hiyo, ukifika mahali, hauhitaji kuchemka muda mrefu. Uji wake huwa tayari mara moja. Sukari alikwisha kuichanganya humo humo. Na ndani ya unga mwingine, wa mahindi, alifukia mayai mabichi kumi na mawili. Unga uliyashika kama mchanga ushikavyo mayai ya kasa, wala halikuvunjika hata moja katika kona zote za Soni.

Vitu vyote vya usiku wa kwanza alivitia katika kikapu kimoja: chakula, sufuria ndogo, kisu, chumvi, taa, kibiriti ndani ya chupa yenye kizibo, na mkaa mkavu katika mfuko wa nailoni. Kikapu hicho hakikwenda chini ya gari. Nilikipakata mimi. Kondakta aliniuliza kama nimebeba dhahabu.

Nami nilikuwa na kazi yangu moja, kumpigia simu mwenye nyumba siku mbili kabla. Nilimwuliza mambo haya: Je, jiko lipo, na ni la mkaa au la gesi? Maji ya bomba hutoka usiku? Ufunguo uko kwa nani, na mtu huyo hulala saa ngapi? Mwenye nyumba alishangaa kidogo kwa maswali, lakini alijibu yote vizuri, tukajua kwamba jiko la mkaa lipo na mkaa haupo.

Kuna jambo lingine la maharage. Mke wangu alikusudia tule maharage mchana wa siku ya pili, bila kukaa jikoni asubuhi nzima. Tulipofika Segera, saa sita hivi, aliyatia maji katika ndoo ndogo yenye mfuniko, nayo yakalowana njiani huku sisi tukisafiri. Hapo ndipo elimu yangu ya chuo ilipofaa kidogo. Nilimkumbusha kwamba Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla hayajafika joto la pwani. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, Lushoto kwa digrii kama 95. Kwa hiyo maharage ya huko hukawia kuiva, hata moto uwe mkali namna gani, na mgeni hudhani ameuziwa maharage ya zamani.

Basi tulifikaje? Tulichelewa tena! Safari hii haikuwa gurudumu, ilikuwa mvua, na gari lilipanda polepole kwa sababu ya utelezi. Ukipanda njia ile mchana huona mto upande mmoja na mwamba upande wa pili, na pale Soni maporomoko ya maji karibu na barabara. Sisi tuliyasikia tu gizani. Tulifungua mlango saa tatu na nusu.

Mke wangu hakuketi hata kidogo. Mkaa ukawashwa, maji yakatiwa sufuriani, unga uliokaangwa ukakorogwa. Kabla watoto hawajamaliza kuvua viatu vyao vyenye matope, mama alikuwa na kikombe cha uji wa moto mikononi. Akafuatiwa na mkate, dagaa, na nyanya zilizokatwa hapo hapo. Mama alikula, akaomba tena. Akamwambia mke wangu, "Mwanangu, hapa ni kama tumefika kwako." Mimi sikusema neno.

Moto ule haukuzimwa. Maharage yaliyolowana yalimwagwa maji yake, yakatiwa maji mapya, yakachemshwa kwa nguvu zaidi ya nusu saa. Usikose kufanya hivyo, hasa kwa maharage mekundu, maana yasipochemka kwa nguvu yana sumu iumizayo tumbo. Kisha sufuria ikafunikwa, ikatiwa katika kikapu kile kile kilichokwisha kuwa kitupu, ikazungushiwa blanketi na nguo zote tulizokuwa nazo, ikaachwa iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Nyumbani kikapu cha kazi hiyo hujazwa usufi, na usufi ni bora zaidi. Asubuhi tuliirudisha motoni ikachemka tena vizuri, na kwa muda mfupi tu maharage yakawa laini. Mayai tuliyachemsha wakati huo huo.

Saa mbili asubuhi tulikuwa njiani kwenda Irente, watu wote wazima wa afya. Kwa miguu si mbali sana, lakini kwa ajili ya mama tulikodi gari. Mvua ilikuwa imekwisha, na kila mahali akina mama walikuwa wakiteremka sokoni na vikapu vya kabichi, karoti na plamsi. Pale juu mwamba hukatika ghafula. Chini yako, kama mita elfu moja, yaonekana Mazinde na barabara kuu na mistari ya mkonge, na nyuma yake nyika isiyo na mwisho. Kuna upepo mkali. Washike watoto mikono.

Mama alisimama akashika bega la mjukuu wake, yule aliyeugua. Kwa miezi kumi na minane macho yake yalikuwa yamepungua sana. Alisema anaona mwanga mkubwa mbele yake, na kitu cha buluu, lakini chini haoni. Akamwambia mtoto, "Wewe niambie." Mtoto akaanza kumwambia: kuna gari jekundu, dogo kama siafu, kuna mabati yanayong'aa, kuna kivuli cha wingu kinakwenda juu ya miti. Mama alikuwa akiuliza kila mara, "Na kulia je? Na mbali zaidi?" Kisha akaketi juu ya jiwe, mbali kidogo na ukingo, akaomba yai na kipande cha mkate wa jana, na mtoto akaendelea kumsimulia. Hatukuondoka hapo mpaka karibu saa sita, maharage yakitungoja nyumbani.