Vyombo Vidogo vya Uyole

Ukitoka mjini Mbeya kwa njia ya Iringa, mwendo wa kilometa 10 hivi utafika Uyole. Hapo njia hugawanyika: moja yaelekea Iringa na Dar es Salaam, nyingine yashuka Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi.

Wasafiri wengi hununua viazi, wakaenda zao. Wewe ngoja kidogo, utazame watoto wachezao uani. Mwanasesere wao ni gunzi la hindi. Kitanda chake ni vijiti vya mwanzi vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Meko yake mawe matatu. Sufuria yake kizibo cha soda. Na chungu chake cha udongo hakizidi kidole gumba.

Usikicheke chungu hicho. Kule Ikombe, ng'ambo ya Matema penye Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi mpaka sokoni. Binti hujifunza kwa mama yake, naye huanza na kidogo.

Siku hizi vyombo vya plastiki vimejaa madukani. Si vibaya, ila havimfundishi mtoto kufunga mwanzi wala kufinyanga.

Basi wazazi, mkifagia ua msivitupe vitu hivi. Vitieni kikapuni, mkamwulize bibi jina la kila kimoja kwa Kisafwa au Kinyakyusa, mkaliandike. Bibi akiondoka bila kuulizwa, majina hayo huondoka naye.