Jeep Kuukuu Kwenye Mteremko wa Arromanches

Ukifika Arromanches, mji mdogo wa pwani ya Ufaransa, mwezi wa Juni, utadhani vita havijaisha. Baharini kungali na masalia ya bandari ya muda ya mwaka 1944, na jeep za zama hizo huteremka kilimani kuelekea ufuoni.

Usivutiwe na rangi yake tu. Inama utazame paipu za breki. Jeep hiyo ina njia moja tu ya mafuta ya breki: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki, na huko chini watu wamejaa. Mafuta hayo hunyonya unyevu, kutu ikala chuma kutoka ndani huku nje kuking'aa.

Fundi mwangalifu hazibi tundu. Hung'oa paipu zote, akatia za shaba iliyochanganywa na nikeli, zisizoshika kutu. Kisha hutoa hewa, akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mwenzake akikanyaga pedali mpaka iwe ngumu.

Nasi tunaopanda magari yaliyokula chumvi nyingi tukumbuke: kikulacho ki nguoni mwako.